Punguzeni samaki kwenye ndoo, msipunguze mialo

Haya ni maneno niliyoongea Kibirizi hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mbele ya wavuvi, mama zetu wa dagaa, vijana wanaosomea uvuvi na maafisa uvuvi kadhaa. Wengi wakaniomba niyaandike ili na wasiokuwepo wayasome, basi nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimetoa tu kurudiarudia.

Mwenyekiti, wazee wangu wa mwalo, mama zangu, kaka zangu ambao mmetoka ziwani alfajiri na mpaka saa hizi hamjaweka ubavu chini, na nyie wadogo zangu wa chuo, mwakeye.

Mada niliyopewa ina jina refu ila ukiimenya linabaki swali moja: watafiti wakipunguza idadi ya samaki wanaopimwa umri, yale makadirio ya samaki walioko ziwani yanaharibika kiasi gani? Jibu langu nalitoa mapema ili hata anayewahi biashara aondoke nalo. Inategemea umepunguza wapi. Ukipunguza samaki ndani ya ndoo moja unapoteza kidogo tu, ila ukipunguza mialo, yaani fukwe ambako mitumbwi inashusha samaki, ukipunguza siku za kupima, ukipunguza maeneo ya ziwa, hapo umeharibu kazi nzima hata kama kwenye ripoti idadi ya samaki waliopimwa imebaki vilevile. Na naliongea hili kwa uchungu kwa sababu bajeti ikibana kinachokatwa mwanzo ni safari, ni mafuta ya boti, ni posho ya yule kijana mpimaji wa kwenda Mwamgongo au wa kushuka mpaka Kipili.

Sasa mvuvi ataniuliza, mimi nauza kwa beseni, umri wa dagaa unanihusu nini?

Unakuhusu hivi. Dagaa wakipungua kuna sababu zaidi ya moja. Inawezekana waliozaliwa ni wachache, labda upepo wa kusini wa kiangazi ulikuwa dhaifu kwaiyo maji ya chini yenye rutuba hayakupanda juu na vile vijidudu wanavyokula dagaa vikawa haba. Au inawezekana walizaliwa wengi tu, ila tumewavua wakiwa wadogo kabla hawajataga. Ukipima tani peke yake, tani ni chache kwa hali zote mbili na huwezi kutofautisha. Ukiwa na umri unatofautisha, kwa sababu hali ya kwanza wadogo ndo hawaonekani, na hali ya pili wadogo wapo alafu ukienda juu kidogo kwenye umri wanakatika ghafla. Na dawa zake hazifanani, upepo huwezi kuutungia sheria, lakini matundu ya nyavu na kokoro unaweza. Kwaiyo mtu akikosea umri anaweza kuwaadhibu nyie kwa kosa la upepo, au akasingizia upepo wakati nyavu za matundu madogo ndo zinamaliza ziwa.

Umri wenyewe unasomwaje? Samaki wenye mifupa wote, kuanzia dagaa mpaka sangala, wana vijiwe vidogo kichwani sehemu ya sikio, na vijiwe hivyo vinakua pamoja na samaki, tabaka juu ya tabaka. Kwenye nchi za baridi samaki akisimama kukua wakati wa baridi kali kijiwe kinaacha mstari, mstari mmoja kwa mwaka, unahesabu unapata miaka. Huku kwetu maji yana joto karibu mwaka mzima, mistari ya mwaka haikai wazi, ndo maana kwa miaka mingi watu waliona samaki wa maji ya joto hawasomeki. Mwaka 1971 mtafiti Giorgio Pannella akaonyesha kwamba ndani ya kijiwe kuna mistari midogo zaidi, ya kila siku. Ya kila siku jamani! Hiyo kwa dagaa wetu ni neema, maana dagaa huyu mdogo tunayemwanika, ambaye kitaalamu anaitwa Stolothrissa tanganicae, anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, asingeweza kupimwa kwa miaka hata mistari ingekuwa wazi vipi.

Ila kusoma mistari ya siku ni kazi ya kutoa jasho. Kijiwe cha dagaa ni kidogo mno, unakitoa kwa kibano, unakigandisha kwenye kioo, unakisaga taratibu mpaka ufikie kiini, ukizidisha kidogo umekipoteza, alafu unakaa kwenye hadubini unahesabu mstari kwa mstari, na mwenzako anahesabu upya bila kuona jibu lako. Kupima urefu ni sekunde chache, ubao na macho basi. Kwaiyo dunia nzima wanafanya hivi: wanapima urefu wa samaki wengi sana, alafu wanachukua wachache kati yao ndo wanasomwa umri, na hao wachache wanatengeneza jedwali linalosema samaki wa sentimita 6 kwa kawaida wana umri fulani, wa sentimita 7 wamegawanyika hivi na hivi, mpaka mwisho. Jedwali hilo linatumika kugawa umri kwa wale wote waliopimwa urefu tu. Fridriksson wa Iceland aliliweka wazi hilo tangu 1934, na mpaka leo ndo njia inayotumika.

Hapo ndo mahali pa kukata panapoonekana rahisi. Bosi anaangalia bajeti anasema urefu tunapima samaki elfu kadhaa, umri tunasoma mia kadhaa, kwani tukisoma nusu yake kuna nini? Swali ni halali kabisa na mimi simlaumu anayeliuliza. Naomba tu lijibiwe kwa hesabu.

Samaki wa umri mmoja wanatembea pamoja. Nyie mnajua kuliko mimi, usiku mmoja taa inavuta dagaa wa saizi moja, mtumbwi wa jirani mita mia kadhaa pale umepata wengine kabisa. Sasa ukichukua samaki 100 kutoka mtumbwi mmoja ni sawa na mtu anayetaka kujua umri wa watu wa Kigoma akaenda shule ya msingi moja akapima watoto 300, alafu akaandika mkoa huu hauna wazee. Watoto 300 ni wengi, na kupima amepima vizuri, lakini habari aliyopata ni ya shule.

Chukueni kalamu vijana, hii ni ya kwenu, na wazee mnivumilie kidogo. Huu ni mfano wa kuonyesha hesabu tu, namba zake sio za ziwa letu. Kuna kipimo cha kufanana, 0 maana yake samaki wa mtumbwi mmoja hawafanani umri kuliko samaki wengine wowote wa ziwa, 1 maana yake wote wana umri uleule. Tuseme kwetu ni 0.2, kufanana kwa kawaida tu. Kanuni inasema chukua idadi ya samaki wa mtumbwi ule utoe 1, zidisha kwa 0.2, jumlisha 1, alafu idadi ya samaki igawe kwa hilo jibu. Samaki 100 wa mtumbwi mmoja: 99 mara 0.2 ni 19.8, jumlisha 1 ni 20.8, sasa 100 gawa kwa 20.8 inakuja kama 5. Samaki mia, umewatoa vijiwe mia, umesaga wiki nzima, na habari uliyonayo kuhusu ziwa ni sawa na samaki 5 waliookotwa huku na huku bila kuchagua.

Sasa samaki walewale 100 wachukue kutoka mitumbwi 10, kumi kumi, mitumbwi ya mialo tofauti. 9 mara 0.2 ni 1.8, jumlisha 1 ni 2.8, kila mtumbwi unakupa thamani ya samaki 3 na nusu hivi, mitumbwi kumi inakupa kama 36. Kutoka 5 mpaka 36 na hujasaga kijiwe hata kimoja cha ziada.

Tuendelee, hapa ndo penyewe. Amri imetoka, punguza nusu, kutoka samaki 100 mpaka 50. Una njia mbili. Unaweza kubaki na mitumbwi 10 ukachukua samaki watano kila mmoja, 4 mara 0.2 ni 0.8, jumlisha 1 ni 1.8, ukimaliza hesabu unabaki na thamani ya samaki kama 28. Au unaweza kukata safari ubaki na mitumbwi 5, samaki 10 kila mmoja, unabaki na 18. Zote ni samaki 50, hadubini ileile, mshahara uleule wa msomaji, lakini moja imetoka 36 ikaenda 28 na nyingine imetoka 36 ikaenda 18. Na mkitaka kujua upande wa pili, ukiongeza samaki mara mbili kwenye mitumbwi ileile 10, yaani 200 badala ya 100, unapanda kutoka 36 mpaka 42 tu, kazi mara mbili kwa faida kiduchu.

Hizo namba kwenye maamuzi zina maana gani? Tuseme makadirio yanasema asilimia 30 ya dagaa ni wa rika changa. Ukiwa na thamani ya samaki 36, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 15 na 45 hivi. Ukiwa na 28, kati ya 13 na 47. Ukiwa na 18 tu, kati ya 9 na 51. Angalieni hiyo ya mwisho, kutoka chini ya moja ya kumi mpaka zaidi ya nusu. Hapo mtu anaweza kufunga ziwa au kulifungua, vyovyote atakavyo, na namba zitamkubalia.

Hili halikuanzia kwetu. Kule Bahari ya Kaskazini, nchi za Ulaya zinafanya utafiti wa pamoja kila mwaka kwa nyavu za kukokota, unaratibiwa na ICES yenye makao Copenhagen, na watafiti wa Norway walichukua data za chewa wa Atlantiki wakaanza kupunguza vijiwe kwenye kompyuta, wanatoa vingine, wanakadiria upya, wanarudia tena na tena, waone makadirio yanayumba wapi. Wakakuta kwamba ndani ya kituo kimoja, yaani sehemu moja wavu uliposhushwa, unaweza kupunguza vijiwe sana na makadirio yasitikisike kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu sehemu kubwa ya kuyumba inatoka kwenye tofauti kati ya kituo na kituo. Kituo hiki samaki tele, kile patupu, na hiyo tofauti huwezi kuifuta kwa kusaga vijiwe vingi zaidi vya kituo kimoja. Mimi hiyo habari naichukulia kuwa ni njema kwa nchi maskini kama yetu. Inatuambia hatuhitaji maabara kubwa ya ajabu, tunahitaji kufika sehemu nyingi.

Ila mtu mwingine akisikia hivyo anaruka haraka, anasema wazungu wamesema umri upunguzwe. Hapana, subiri. Wao walikuwa na vituo mamia na walibaki navyo. Na hata huko kupunguza kuna pahala panauma, panauma kwa samaki wakubwa.

Chukua mgebuka au sangala, hawa wanaishi miaka, na wazee wao ni wachache. Tuseme katika kila samaki 100 wawili ndo wazee. Ukipima umri wa samaki 100 bila kuchagua kuna uwezekano kama wa 13 katika 100 usipate mzee hata mmoja. Ukishuka mpaka samaki 50 uwezekano huo unapanda mpaka 36, ukishuka mpaka 25 unafika 60, yaani mara nyingi zaidi utaambiwa ziwa halina sangala mzee kuliko kuambiwa wapo. Alafu mwakani kwa bahati wanaingia watatu kwenye sampuli, jedwali linaruka, mtu anaandika samaki wazee wameongezeka. Hakuna kilichoongezeka. Na wazee hawa ndo wanaotumika kukadiria samaki wanakufa kwa kasi gani, maana kasi ya vifo unaisoma kwa kuangalia rika linavyopungua kutoka umri huu kwenda ule, wakikosekana wa mwisho inaonekana wote wamekufa, wakizidi kwa bahati inaonekana ziwa liko salama.

Dawa yake ipo na haina gharama kubwa. Usichukue samaki wa umri kwa kubahatisha kutoka kwenye rundo, chukua kwa urefu. Wa katikati ambao wamejaa chukua wachache kwa kila sentimita, wakubwa ambao ni adimu chukua wote. Ila vijana sikilizeni, mkishachukua hivyo msije mkapiga wastani wa umri moja kwa moja kutoka kwenye hao, maana mmejaza wakubwa makusudi, wastani huo ni wa uongo. Lazima upite kwenye lile jedwali na urefu wa samaki wote waliopimwa ndo upate picha ya ziwa. Hili kosa mtu akilifanya haligunduliki kirahisi kwa sababu namba inatoka nzuri tu.

Kuna jambo lingine linatokea kimyakimya sampuli zikipungua, nalo ni kuazima. Jedwali linabaki na mashimo, sentimita 9 haina samaki hata mmoja aliyesomwa umri, basi mtu anaazima kutoka mwaka jana au kutoka eneo lingine. Ukiazima mwaka jana unabeba na rika la mwaka jana. Kama mwaka jana walizaliwa dagaa wengi na mwaka huu wachache, jedwali la kuazima linaugawa mwaka huu kana kwamba wengi wamezaliwa, kile ambacho ulitumwa kukitafuta ndo kinachofutika. Na kuazima eneo lingine kwenye ziwa kama hili letu mimi naona ni hatari kubwa zaidi. Ziwa lina urefu wa kilomita kama 670, kina kinafika mita 1,470, nchi nne zinalichangia. Kusini upepo unapandisha maji ya chini kwa nguvu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, chakula kinapatikana kwa majira tofauti na huku juu, na samaki wenyewe hawajagawanyika sawa, dagaa wanatawala zaidi kaskazini na mgebuka wanatawala zaidi kusini. Samaki anayekula vizuri anakua haraka, kwaiyo wa sentimita 8 wa Kasanga na wa sentimita 8 wa Kagunga sio lazima wawe na siku sawa. Jedwali la Kigoma ukilivalisha kusini huko mkoa wa Rukwa utapata majibu, kompyuta haitakataa, lakini ni majibu ya wapi?

Kutoka mwaka 1992 mpaka 2001 kulikuwa na mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa hili, wa FAO kwa msaada wa Finland, na miaka ya 1995 mpaka 1998 meli ya Tanganyika Explorer ilizunguka ziwa zima ikipima samaki kwa mwangwi wa sauti. Kipimo cha mwangwi kinakupa wingi wa jumla, na naomba nieleweke hapa, wingi wa jumla hauumii sana ukipunguza sampuli za umri. Kinachoumia ni ule mgawanyo, ni wangapi wa rika gani. Kwaiyo mtu akikuonyesha kwamba makadirio ya jumla hayajabadilika baada ya kupunguza umri anasema kweli, ila amejibu swali ambalo halikuwa na wasiwasi.

Tuje kwenye kilichowagusa wote hapa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu. Najua watu walivyohangaika, najua mama aliyekuwa anategemea beseni mbili kwa siku alikaaje, na najua wengine mpaka leo madeni ya kipindi kile hawajamaliza. Hoja ya kufunga ilikuwa samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Sasa haki ya kila mtu aliyekaa na njaa kipindi kile ni kuambiwa je, ilifanya kazi? Na hilo swali linajibika, mistari ya siku inalijibu. Dagaa aliyevuliwa tarehe 20 Oktoba akiwa na mistari 90 alizaliwa karibu na tarehe 22 Julai, katikati ya kufungwa. Ukikusanya dagaa wa mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, ukarudisha tarehe zao za kuzaliwa nyuma, unaona wangapi wanatokea ndani ya ile miezi mitatu, alafu unalinganisha na mwaka ambao ziwa halikufungwa. Sijui kama kuna matumizi ya kijiwe cha samaki yenye maana kwa mwananchi kuliko hayo.

Lakini fikirieni kazi hiyohiyo ikifanywa kwa kubana safari. Kijana ametumwa mwalo mmoja, usiku mmoja wa giza usio na mbalamwezi, akachukua dagaa 300 wa mtumbwi mmoja. Wale dagaa ni kundi moja, huenda wamezaliwa ndani ya wiki chache. Kama kundi lile lilizaliwa Julai, ripoti itasema kufunga ziwa ni mafanikio makubwa. Kama lilizaliwa mwanzoni mwa Mei itasema hakuna faida yoyote. Ripoti zote mbili zitaandika samaki 300, na maisha ya watu yataamuliwa na mtumbwi upi ulitia nanga karibu na pale kijana aliposimama. Mimi siwezi kulinyamazia hilo. Kuliko dagaa 300 hao ni bora mara nyingi kuwa na dagaa 10 kutoka Kibirizi, 10 Katonga, 10 Ujiji, 10 Mwamgongo, 10 Kagunga, alafu kusini huko Karema, Kipili, Kasanga, kwa usiku tofauti wa giza, mwanzo wa giza na mwisho wake, miezi mitatu mfululizo. Jumla yake hata 300 haifiki ukienda usiku mmoja kwa kila mwalo kwa mwezi, na inakupa ziwa.

Nimeulizwa na vijana kama tusiachane na vijiwe kabisa tutumie urefu peke yake, kwani zipo programu za kompyuta zinazofuatilia rika kwa kuangalia vilele vya urefu vinavyosogea mwezi hadi mwezi. Zipo, na zimetusaidia sana nchi za joto tangu miaka ya 1980. Kwa samaki anayeishi mwaka mmoja, ukipima urefu kila mwezi bila kuruka, unapata kitu. Ila dagaa wanazaa karibu mwaka mzima, marika yanapandana, kilele kimoja kinaweza kubeba wawili, na bila vijiwe vichache vya kukagua huna namna ya kujua. Kwaiyo urefu uwe mwingi, vijiwe viwe vichache, visiwe sifuri. Marekani kule Alaska wanajaribu kupima umri kwa mwanga, kijiwe kinamulikwa mashine inakadiria, ni haraka sana, lakini hata hiyo mashine inafundishwa kwanza na vijiwe vilivyosomwa na macho ya mtu.

Na kusoma vibaya kuna gharama yake pia, tusidhani wingi peke yake unatosha. New Zealand kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na Australia miaka ya 1980, walianza kuvua samaki wa kina kirefu anayeitwa orange roughy kwa kasi kubwa wakiamini anakua haraka kama samaki wengine. Vijiwe viliposomwa vizuri ikaonekana anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Umri ule uliokosewa mwanzoni ulikuwa moja ya sababu za kuvua kupita kiasi, na maeneo kadhaa yaliporomoka. Samaki wa miaka mia akiisha humrudishi kwa kufunga bahari miezi mitatu.

Sasa naomba mambo kutoka kila upande. Wanaopanga bajeti, ikibidi kukata, kateni samaki ndani ya ndoo kabla hamjagusa mialo na siku, na yule kijana wa kwenda Kagunga muongezeeni mafuta kwa hela mliyookoa kwenye kusaga. Wanaoandika ripoti, pembeni ya idadi ya samaki andikeni wametoka mitumbwi mingapi na mialo mingapi, na kila asilimia muiwekee kutoka ngapi mpaka ngapi. Asilimia 30 tupu isiandikwe. Kama safari zilipungua mwaka huu na ule upana wa kutoka ngapi mpaka ngapi umeongezeka, muuandike hivyohivyo ulivyo mpana, waziri ausome, mvuvi ausome.

Na nyie BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi kwenye mialo, na wenye mitumbwi, kijana akija na ubao wake alfajiri msimpe wale wa juu ya beseni tu, mnajua wanaokaa juu sio kama wa chini, mwacheni achote kutoka sehemu tofauti, na mwambieni mlivua wapi, nje au karibu na mwamba, maana bila hiyo kijiwe chake kinabaki bila kwao. Kwa upande wangu nimeshaomba samaki wa sampuli walipwe kwa bei ya siku ile, hasa mgebuka na sangala wakubwa, kwa sababu mama hawezi kutoa sangala wa kilo kadhaa bure apasuliwe kichwa alafu mteja amkatae. Wakilipwa, wakubwa watapatikana kwenye sampuli, wasipolipwa watafichwa, na lile jedwali litaendelea kusema ziwa halina wazee.

Mwenyekiti, nadhani kuna mikono imenyooshwa kule nyuma, naomba maiki iende kwa yule mama aliyevaa kitenge cha njano, alikuwa na swali tangu nilipotaja Mei.